Mgongo wa Kuazima

Kituoni Mbinga, kabla hujasalimiwa unataja umri wako. Ndiyo adabu ya pale. Mtu anafungua macho kitandani na sura isiyo yake, na aliyesimama pembeni hana namna ya kujua kama anaongea na bibi au na msichana. Basi unataja miaka yako, ndipo ijulikane nani amwamkie nani.

"Hamsini na nane," nikasema, kwa sauti nene kidogo kuliko yangu.

"Shikamoo, mama," akasema Gaudensi, msimamizi wa kituo, huku akiinamisha kichwa. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye koti la buluu na subira nyingi. Uso aliokuwa anauamkia ulikuwa wa jirani yake, mwanamke ambaye siku zote ndiye humwamkia yeye. Hakucheka. Mimi ndiye niliyetaka kucheka.

"Marahaba. Naitwa Nakijwa, natoka Same. Nimekuja kumalizia ukaguzi wa daraja."

"Nakukumbuka, mama. Ulikuja wakati mvua zinaanza." Akanipa kikombe cha uji. "Mwenyeji wako ni yuleyule."

Nikashukuru kimoyomoyo, na uji ukashuka vizuri. Mwili huo niliupenda tangu safari ya kwanza: miguu isiyolalamika ngazini, mapafu mapana, shingo iliyozoea kubeba ndoo. Mwili wangu mwenyewe ulikuwa umelala Same chini ya uangalizi wa muuguzi, pamoja na magoti yake mabovu yote mawili, na sikuwa na haraka ya kuurudia.

Kofia unayovaa kwenu husoma kumbukumbu zako, nia yako na, kwa bahati mbaya, woga wako. Kofia ya ugenini huviandika kwa muda kwenye ubongo wa mwenyeji, aliyelazwa usingizi usio na ndoto. Misuli haiandikwi kitu. Ukiwa mpiga gitaa hodari kwenu, ugenini vidole vya mwenyeji vitakuwa vigumu kama vijiti vya kuni. Nia inasafiri, mazoea yanabaki kwenye nyama. Mgeni anaruhusiwa kukaa, kutembea, kula na kufanya kazi iliyomleta. Jina la mwenyeji haambiwi, na kuzungumza naye ni marufuku.

Kuhusu yoga, sheria haikusema lolote, nami sikuuliza.

Kwangu yoga si dini wala pambo. Ni mswaki. Nilipokuwa kijana nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi nikavunjika mgongo, na mtaalamu wa viungo aliyenisimamisha tena alinifundisha mikao ambayo tangu hapo naifanya kila asubuhi kabla ya chai. Nikiiacha, woga wa kimo unanirudia, na mkaguzi wa madaraja anayeogopa kimo ni kama mpishi anayeogopa moto. Mtu haachi kupiga mswaki eti kwa sababu yuko safarini. Lakini ukiwa na kinywa cha mtu mwingine, ni meno ya nani hayo unayoyasugua? Hilo nilipaswa kujiuliza, na sikujiuliza.

Asubuhi yake, katika chumba cha wageni nyuma ya kituo, nilitandika kitenge sakafuni nikaanza. Kuinama mbele mpaka viganja viguse chini: rahisi mno, kana kwamba mwili ulikuwa unaningoja huko chini. Nikarudia na kurudia, kama ninavyofanya kwangu, maana mgongo wangu mimi unataka kuinama, na kuinama ndiko kulikoniponya. Nikakaa nikajikunja juu ya miguu. Nikajivuta zaidi. Mwisho kabisa nikalala kifudifudi, nikaweka viganja chini ya mabega, nikainua kifua taratibu kama nyoka anayechungulia nyasini.

Hapo mwili ukapiga mwayo. Ukapiga mwingine, na mwingine, miayo mikubwa ya kutoka tumboni, mpaka machozi yakanitoka na mate yakanidondoka kwenye kitenge. Sijawahi kuona mazoezi yakimfanya mtu apige miayo namna ile. Nikajifuta, nikavaa viatu, nikaenda kazini nikiwa mwepesi na mwenye furaha.

*

Daraja lenyewe lilikuwa limevuka bonde refu, la chuma na saruji, kwa ajili ya magari ya kahawa. Sheria inataka msimamizi asiuache mwili upande juu peke yake, kwa hiyo Gaudensi alinifuata kila nilikokwenda, naye amefungwa mikanda ya usalama kama mimi. Nilipanda nguzo ya kwanza nikigonga chuma na kusikiliza. Upepo ulivuma. Mikono ilitulia. Chini kabisa maji yalionekana kama uzi, na sikujali.

Tulipoketi kula viazi, Gaudensi alinigeukia.

"Mama, naomba nikuulize jambo. Usinikasirikie."

"Uliza tu, baba."

"Asubuhi ukiwa chumbani, huwa unafanya nini?"

"Yoga. Mazoezi ya viungo. Kwani vipi?"

Akamenya kiazi kwa muda mrefu kuliko kiazi kinavyohitaji. "Ile safari ya kwanza, ulipoondoka, Otilia..." Akajishika mdomo. "Basi, jina limeshanitoka. Otilia alishindwa kuinuka. Mgongo ulimkamata. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamkanda kwa maji ya moto. Na ilikuwa wakati wa ngoro."

Nilitazama mlima uliokuwa mbele yetu. Ulikuwa umejaa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, mteremko mzima. Ndizo ngoro. Wamatengo wameyachimba tangu enzi za mababu ili mvua isiondoke na udongo, na kazi ya kufukia nyasi na kuchimba humo ni ya wanawake, ya kuinama kutoka asubuhi mpaka jua linapokuwa kali. Nikaitazama mikono niliyoshikia kiazi. Sugu zilikuwa pale siku zote. Nilikuwa nimeziona na sikuwa nimezisoma.

Mwanamke huyu alikuwa ameinama maisha yake yote, nami nikaja kumwinamisha tena akiwa usingizini.

"Kwa nini hakulalamika?"

"Akilalamika, mwili wake unaondolewa kwenye huduma mpaka uchunguzwe, na masaa yake yanazuiwa." Kila saa unayoazimisha mwili wako hukupa saa moja ya kusafiri kwa mwili wa mtu mwingine, hilo nililijua. Nisilolijua ni Otilia alitaka kuyafanyia nini masaa yake. "Binti yake Flaviana yuko ng'ambo, Busan, anafanya kazi bandarini huko, na ni mjamzito. Mama mtu anataka aende huko mjukuu akizaliwa. Bado masaa machache tu. Wewe na daraja lako ndio mnaomkamilishia."

Nikamwambia Gaudensi kwamba nitaripoti kwa Shirika linaloendesha vituo, kosa ni langu, nao watanielewa.

"Watakuelewa wewe, mama," akasema kwa upole. "Yeye watamchunguza. Watamaliza kumchunguza mtoto akiwa anaota meno."

Kesho yake asubuhi sikutandika kitenge. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, nikinywa chai isiyo na ladha. Bondeni, nilipanda ngazi chache za nguzo ya pili na woga ukanikuta pale pale, nikaona tena lile jukwaa la ujanani likizama chini ya miguu yangu. Nikakumbatia chuma. Gaudensi alinishusha hatua kwa hatua, akiniongelesha habari za mbuzi wake mtoro ili nisitazame chini. Nguzo ya pili ikabaki haijakaguliwa.

Nilikuwa na njia ya kunyamaza na kutorudi tena, Otilia asijue kamwe nini kilimpata mgongo. Nilikuwa na njia ya kusema, akose mjukuu. Zote mbili zilikuwa za kumwamulia mtu ambaye tayari nilikuwa nimeshamwamulia mengi. Nilichotaka ni kumuuliza, na kumuuliza ndiko kulikokatazwa.

*

Kuna mahali pamoja ambapo mgeni na mwenyeji hukutana. Wahandisi wanapaita kizingiti. Ubongo hauwezi kuachwa bila mtu hata kidogo, maana utasahau kupumua. Kwa hiyo mwenyeji huamshwa kwanza, ndipo mgeni aondolewe. Mashine hungoja mgeni atoe pumzi, na pumzi ikiisha, inamchukua. Watu wengi hushtuka wakaitoa kwa mkupuo, na kizingiti kinakwisha kama kupiga chafya. Unafundishwa ufumbe macho, usiwaze kitu, mpishane kama watu wawili kwenye mlango mwembamba.

Lakini mimi nimefundishwa kutoa pumzi. Ndilo jambo la kwanza yule mtaalamu alilonifundisha nilipokuwa siwezi hata kugeuka kitandani: kuachia hewa taratibu, uzi kwa uzi, bila kuikata. Nikiwa nimelala kitandani kituoni mchana ule, kofia kichwani, nilijaza mapafu yale mapana nikaanza kuachia.

Nikamsikia akija. Nilihisi chumba kimepata mtu.

"Mwenyeji wangu," nikanong'ona. "Usiogope. Mimi ndiye mgeni."

Mdomo ukafunguka bila mimi. "Hee! Mnaruhusiwa kuongea?"

"Hapana. Nisikilize, pumzi itaisha. Mgongo wako uliumia ile safari ya kwanza kwa sababu yangu. Huwa nafanya mazoezi asubuhi, ya kuinama. Jana nimeyafanya tena. Leo sikuyafanya. Nisamehe, mwenzangu. Nilitakiwa nikuulize kwanza."

Gaudensi alikuwa amesimama mlangoni, na alichokiona ni jirani yake akijiombea msamaha mwenyewe.

"Kumbe ni wewe!" Sauti ilikuwa ileile, lakini sasa ilikuwa na hasira, na hasira ilijaa kifuani mwetu sote wawili. "Nilidhani mgeni wangu analima! Mimi huko shambani nainama mpaka naona giza, nasema sasa nikalale kituoni nipumzike, kumbe kuna mtu anakuja kuniinamisha tena? Kwa starehe?"

"Si starehe. Ni dawa. Lakini ni dawa yangu, si yako."

"Hapo sasa umesema." Nilihisi anapapasa mgongo kwa ndani, kama mtu anayekagua nyumba aliyoipangisha. Halafu hapo kizingitini akagusa kitu changu: lile vunjiko la zamani, lililosafiri nami ndani ya kumbukumbu. Alishtuka. "Yesu wangu. Hiki ni cha nani?"

"Changu. Nilianguka."

"Na unatembea nacho hivi?"

"Ndiyo maana ya mazoezi."

Pumzi ilikuwa imefika mahali pembamba. Niliibana kwa tumbo lisilo langu.

"Usiwaambie," akasema haraka. "Masaa yangu..."

"Mgongo sitautaja."

"Na ile nyingine ninayoiona humu kwako, ya mwisho, ya kuinua kifua? Ile mara ya kwanza niliamka nimefunguka hapa mbele. Mgongo ulipopoa nilikuwa shambani, nikajikuta nimesimama, mikono kiunoni, natazama juu kama mtu aliyepoteza ndege. Watu wakanicheka. Ile ni nini?"

"Inaitwa nyoka."

"Basi nyoka nimekubali. Ya kuinama, kainame kwako."

Nilitaka kucheka, na kucheka kungeimaliza pumzi. Nikatumia kilichobaki. "Asante kwa miguu yako," nikasema. "Nimepanda nayo juu sana. Asante kwa mapafu. Asante kwa..."

Nikaamka Same, magoti yakiuma.

*

Siku iliyofuata sauti ya Shirika, ya upole na isiyo na mtu ndani yake, iliniambia kuwa kizingiti changu kilirefuka kupita kawaida, na kwamba maneno yalisikika. Nani alianza kuzungumza?

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa natoa shukrani."

Shukrani zilikuwa kweli. Mengine hawakuuliza. Kosa la mgeni humwangukia mgeni. Kibali changu cha kusafiri kwa miili ya watu kilifutwa palepale, na cha Otilia kikabaki salama pamoja na masaa yake. Nitakuwa mwongo nikisema sikulia. Nililia kidogo, kwa ajili ya ile miguu. Kisha nikamwambia bosi wangu kwamba nguzo ya pili nitaikagua kwa mwili wangu, akanitazama magoti, akaniuliza kama nakumbuka Mbinga iko wapi.

Nilikuwa nimesahau kwamba barabara ina urefu. Nilipanda basi na begi dogo na blanketi zito la sufu, ambalo nalikunja na kuliweka chini ya kiuno ninapolala. Asubuhi ya Iringa nilifanya mikao yangu kati ya kitanda na ukuta wa gesti, kiwiko kikigonga stuli. Kituo kilichofuata, ambako basi lilibadilishiwa betri, nilitandika blanketi nyuma ya kibanda cha chipsi, nikainama. Mama mmoja akaja akainama pembeni yangu, akichunguza majani.

"Umedondosha hereni, mama?"

"Hapana, mwanangu. Nanyoosha mgongo."

"Aa." Akabaki ameinama. "Kumbe panauma vizuri, eh?"

Tukainama wote, yeye na kitenge chake, mpaka kondakta akapiga honi. Nilipanda basi nikiwa nimejaa shukrani kuliko nilivyowahi kuwa katika mwili wowote. Magoti yaliuma, mgongo ulinung'unika, na vyote vilikuwa vyangu, na sikuhitaji kumuomba mtu ruhusa.

Nguzo ya pili niliipanda polepole kama kinyonga, nikaigonga yote, nikakuta ni nzima. Ndipo nikaenda kituoni.

Gaudensi alinishika mikono yote miwili. "Umekuja wakati mzuri, mama. Mjukuu amezaliwa juzi. Otilia yuko Busan tangu asubuhi, na masaa yanakwisha sasa hivi. Ingia ukae naye; kibali huna tena, kwa hiyo hakuna wa kukukataza. Mtu akiamka akakuta mtu, anaamka vizuri."

Alikuwa amelala kwa ubavu, kofia kichwani, amegeukia ukuta. Uso ule niliufahamu kwenye kioo. Mgongo nilikuwa nimeukaa siku nzima nzima bila kuuona. Ulikuwa mpana, umepinda kidogo juu karibu na mabega, na chini kwenye kiuno gauni lilikuwa limechakaa mahali anapofungia kitenge. Sikuugusa. Nilikaa kwenye stuli, nikapumua naye.

Akaamka. Akageuka akaona mwanamke mzee asiyemjua, analia.

"Mimi ndiye mgeni wako," nikasema.

"Yule wa kuinama?"

"Yuleyule."

Akacheka mpaka akakaa. "Karibu, dada. Karibu sana. Nilidhani wewe ni mrefu." Kisha uso ukabadilika. Aliinua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma.

"Nimempakata," akasema. "Tangu anyonye mpaka alale. Flaviana amenipa mwenyewe. Mikono niliyokuwa nayo ni ya mama mmoja wa kule, mikono laini, mizuri, Mungu ambariki." Akainyoosha tena ile ya kwake, yenye sugu. "Hii haina habari. Nakumbuka kila kitu, dada, lakini mikono yangu haijampakata. Unaelewa?"

Nilielewa kuliko mtu yeyote duniani. Nikafungua begi nikatoa blanketi.

"Ana uzito gani?"

Akafikiri. "Si mzito. Lakini ni mzito kuliko anavyoonekana."

Nikalikunja nikamwekea mikononi. Akalipima akitikisa kichwa. "Punguza." Nikapunguza mkunjo. "Hapana, huku kwenye makalio amejaa. Ongeza hapo. Na kichwa kiwe hapa, kwenye kiwiko, ana kichwa cha babu yake." Tukakunja na kukunjua, Gaudensi akaingia, akatutazama, akatoka. Mwisho Otilia akaacha kunisahihisha. Mikono ikajipanga yenyewe. Mabega yaliyopinda yakarudi nyuma kidogo kidogo, kifua kikainuka, akaegemea ukuta na lile blanketi juu ya moyo wake, akafumba macho.

Nilikuwa nimetunga maneno ya shukrani njia nzima kutoka Same, na sasa nikayaanza. "Otilia, mdogo wangu, nilitaka nikushukuru kwa..."

"Dada," akasema kwa sauti ya chini sana, bila kufumbua macho, "utaniamshia mtoto."